Siku Shangazi Alipomnyima Komando Sauti

Mtaa mzima unamwita Shangazi, lakini mwenye haki ya kumwita hivyo ni mimi, maana ni dada wa baba yangu, tumbo moja. Wengine wamejipachika tu. Hata mwenye banda la video, mtu mzima mwenye mvi mpaka kifuani, anamwita Shangazi, na yeye humwitikia "Naam, mwanangu" kwa kumkomoa, kwa sababu umri wao ni mmoja.

Kazi yake ni kusema. Anakaa kando ya televisheni kubwa ndani ya banda la mabati, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Maiki iko mkononi, kipande cha limau kiko shavuni. Filamu ya watu wa mbali ikianza, yeye anapunguza sauti ya televisheni na kuwasemea wote waliomo. Mwanajeshi akifoka, ni Shangazi. Mtoto akilia, ni Shangazi. Majambazi huwapa sauti ya mtu mwenye mafua, kwa sababu anaamini mtu mbaya hawezi kupumua vizuri. Mbwa akibweka, anabweka naye, halafu anatafsiri: "Anauliza, nani hapo?"

Lugha ya filamu hizo haijui. Kila mtu mtaani analifahamu jambo hilo na hakuna anayelisema, kama vile watu wanavyojua kuwa bwana harusi amevaa suti ya kuazima na bado wanampigia vigelegele. Anajua salamu zao na matusi yao. Yaliyobaki anayasoma usoni.

"Uso ni uso," huniambia. "Mtu akikunja hivi, ama ana hasira ama kiatu kinambana. Nachagua kimoja, filamu inaenda."

Zamani alikuwa akishona magunia kwenye kibaraza cha jirani. Mtafsiri wa wakati huo, mwanaume mmoja mwenye maringo ya jogoo, alitoka katikati ya filamu kwenda kujisaidia, akakutana na rafiki zake, hakurudi. Watu wakaanza kupiga mabati. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kuangalia fujo, sindano ya magunia mkononi, akaanza kusema kutoka pale pale, bila maiki, bila kuombwa. Wanasema filamu ilipokwisha, nusu ya banda ilikuwa imegeuza shingo inamtazama yeye, na waliokuwa kwenye televisheni wanauana peke yao. Magunia ya watu yalibaki bila kushonwa mpaka wenyewe wakaja kuyachukua.

Mumewe aliondoka kabla sijazaliwa. Alisema nyumba ina watu wengi mno, na walikuwa wawili tu. Watoto hakupata. Kwa hiyo kile kiti chenye waya ndicho ulimwengu wake. "Siku wakinitoa hapa," huwa anasema, "nitabaki na mdomo mmoja. Mdomo mmoja nitaufanyia nini mimi?"

Sasa katika watu wote aliowasemea, aliyependwa kuliko wote alikuwa Komando. Jina lake halisi hakuna anayeweza kulitamka bila kujing'ata ulimi, ndiyo maana tulimpa hilo. Kifua kama kabati, shingo hana. Shangazi alimpa sauti nzuri kuliko zote, ile inayotoka chini ya kitovu, na akampa adabu. Kwenye filamu moja Komando alijificha nyuma ya ukuta akiweka risasi kwenye bunduki, na kikongwe mmoja akapita. Shangazi akasema: "Pita, mzee wangu. Mzee kwanza, risasi baadaye." Banda lilisimama likapiga makofi. Kwenye nyingine mwanamke mwenye nguo nyepesi alimsogelea, Shangazi akasema: "Dada yangu, vaa koti. Nje kuna baridi, na mimi nina mke." Kwenye televisheni wakaanza kubusiana. Shangazi hakutetereka. "Anamnong'oneza siri ya serikali," akasema. "Ni ndefu kidogo."

Basi watu waliyabeba maneno hayo mpaka majumbani. Vijana wakigombana mtu atasikia, "Mzee kwanza, risasi baadaye," na ugomvi unaishia kicheko.

Halafu redio ikasema kuwa kuna mwanamke amejitokeza. Alikuwa mwigizaji mwenzake Komando. Alisema Komando alimfungia mlango akamlazimisha, zamani, wakati yeye ndiyo kwanza anaanza kazi. Baada yake akaja yule aliyekuwa akimpaka poda, halafu aliyekuwa akimpigia pasi mashati. Kila asubuhi redio ikifunguliwa, kuna mwingine. Komando mwenyewe akasema ni uongo mtupu.

Bandani kukawa hakukaliki. Kabla ya filamu, jenereta likiwa linavutwa kamba na kukohoa, mjadala unakuwa umeshawaka. Jemadari wa upande wa Komando alikuwa Fundi Baiskeli. Si mtu mbaya. Watoto huwazibia pancha bure. Lakini akianza kuongea ni kama baiskeli iliyokosa breki.

"Nauliza swali moja tu," akasema siku hiyo, mkono mweusi wa grisi umenyooka juu. "Walikuwa wapi miaka yote hiyo? Walikuwa wamelala?"

"Na wewe," akasema Mama Mkaa kutoka benchi la nyuma, "ulipoifunga baiskeli ya mwanangu breki za baiskeli nyingine, ulituambia lini? Si mpaka alipoingia mtaroni?"

Watu wakacheka.

"Mama, usichanganye mambo. Breki ni breki."

"Mimi nimekuuliza kuhusu kunyamaza. Wewe uliogopa kipigo cha wanaume wawili wa nyumbani kwangu. Yule wa kupiga pasi aliogopa dunia nzima."

"Wanatafuta jina hao!"

"Jina gani? Wewe umesikia majina yao? Nitajie moja."

Fundi akajikuna kidevu, kikapata grisi. Ndipo akatoa alichokuwa amekiweka akiba.

"Haya, sikilizeni. Huyu ni mtu ambaye kikongwe alipita akasema nini? Mzee kwanza! Yule mwanamke alijileta mwenyewe, amevaa kama anakwenda kuogelea, jamaa akamwambia nini? Vaa koti, nina mke! Kwa macho yetu tumeona, kwa masikio yetu tumesikia. Mtu wa hivyo amlazimishe mpiga pasi? Jamani!"

"Kweli kabisa," watu wakasema. "Hapo Fundi umefunga kesi."

Nilimwangalia Shangazi. Limau lilikuwa limesimama shavuni kama uvimbe. Hakulitafuna wala hakulitema mpaka jenereta likawaka.

Jioni tukiwa tunaosha vyombo akaniuliza, bila kugeuka, "Ile ya mzee kwanza, nani aliisema?"

"Wewe."

"Na ya koti?"

"Wewe, Shangazi. Ulikuwa umegombana na mume wa jirani asubuhi yake."

Akaisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Basi shahidi wa yule bwana ni mimi," akasema. "Na kule mahakamani kwao sijui hata njia."

Kesho yake tulifika mapema. Dada Tiketi alikuwa ameshakaa kwenye tundu lake, lile dirisha dogo lililokatwa kwenye bati, anachana tiketi. Dada huyu haongei sana. Alikuwa anaongea, zamani kidogo. Halafu akasema kuwa nahodha wa timu ya mtaa alimvuta nyuma ya chumba cha jezi, akamfanyia kwa nguvu mambo ambayo hakuyataka, na baada ya kusema hivyo ndipo akaanza kunyamaza.

"Shangazi," akasema, macho kwenye tiketi. "Unajua mimi waliniuliza nini? Waliniuliza, nahodha yupi, huyu huyu aliyefunga goli la fainali? Nikasema huyo huyo. Wakasema haiwezekani, mguu ule una baraka."

"Hm."

"Mguu una baraka. Kuhusu mikono hakuna aliyeuliza."

Shangazi akataka kucheka, akaona si mahali pake, cheko likageuka kikohozi.

"Na wewe ulikuwepo," Dada Tiketi akaendelea. "Ulisema, Mungu ndiye anayejua. Halafu ukaingia ndani kuanza filamu."

Nimeishi na Shangazi tangu niache shule, na sijawahi kumwona akitafuta neno. Siku hiyo alilitafuta. Mtu anayesemea jeshi zima na mbwa wao alisimama pale kwenye tundu la tiketi, mdomo wazi, hakuna kilichotoka.

Bosi, yaani mwenye banda, akamwita ndani. Alikuwa amepata filamu mpya ya Komando, na amebandika picha yake mtaa mzima, mpaka kwenye mlango wa choo. "Jumamosi banda litapasuka," akasema. "Sasa nimesikia una sura ya msiba. Mimi sitaki mambo ya redio humu. Watu wanamtaka Komando wao, uwape Komando wao. Ukishindwa, kuna kijana pale sokoni anauza sumu ya panya kwa kipaza sauti. Koo lake ni chuma. Na hali limau."

"Naam, mwanangu," Shangazi akajibu, lakini safari hii bila mchezo.

Jumamosi banda lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya wengine. Fundi Baiskeli alikuwa benchi la mbele. Bosi alisimama kwenye pazia, amekunja mikono. Dada Tiketi aliendelea kuchana tiketi nje. Mimi nilikuwa sakafuni, karibu na kiti chenye waya, naona vidole vya miguu vya Shangazi vikicheza ndani ya ndala.

Filamu ikaanza vizuri. Majambazi wakaingia na mafua yao. Waziri akalia. Mke wa waziri akamwambia waziri, "Nilikuambia tusijenge kando ya barabara." Watu wakacheka. Halafu mlango ukapigwa teke, vumbi likatimka, na kifua kile kikaingia. Banda likalipuka. Komando akasimama, akamtazama waziri, akafungua mdomo.

Kimya.

Mdomo wake ukawa unacheza kama wa samaki kwenye ndoo. Shangazi alikuwa ameiweka maiki mapajani, na mikono juu ya maiki. Waziri alipojibu, akaiinua: "Ahsante kwa kuja, mwanangu, karibu, lakini mlango ule utaulipia." Komando akafungua mdomo tena. Maiki ikashuka.

"Maiki imekufa!" mtu akapiga kelele.

"Haijafa. Waziri si anasikika?"

"Shangazi! Mpe sauti!"

"Sauti anayo," Shangazi akasema kwenye maiki, na sauti hiyo haikuwa ya mtu yeyote wa kwenye filamu. "Mnaitaka? Haya."

Akainama, akashika kitufe cha televisheni, akakizungusha mpaka mwisho.

Nadhani hakuna mtu katika banda lile aliyewahi kumsikia Komando. Ilikuwa sauti nyembamba, ya puani kidogo, kama ya karani anayekuambia urudi kesho. Lugha yake hatukuielewa hata silabi. Kifua kikubwa vile, na ndani yake kumekaa karani.

Fundi Baiskeli alisimama. "Umeharibu mashine, Shangazi! Hiyo siyo sauti yake!"

"Ndiyo aliyozaliwa nayo, baba."

"Siyo! Sauti yake mimi naijua!"

"Unayoijua ni yangu." Akaipunguza tena televisheni. "Tangu uanze kuja humu umemsikia nani? Sema ile unayoipenda."

Fundi akababaika. "Mzee kwanza..."

"Niliitunga mimi. Pale alikuwa kimya, mdomo wake umefungwa, anahesabu risasi. Ya koti niliitunga kwa hasira zangu za asubuhi. Na kile kiapo chake cha maziwa ya mama yake, nacho nilikitunga; mama yake nimemjulia wapi? Mimi lugha yake siijui, na nyote mnajua kuwa siijui, msiniangalie hivyo."

Hapo kuna watu waliinamisha macho, kama siku bwana harusi anapodaiwa suti mbele ya wageni.

"Kwa hiyo unasema kafanya?" Fundi akauliza, na sauti yake imeshashuka.

"Sijui. Sikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa unaapa kana kwamba uliwashikia taa."

Mama Mkaa alicheka mpaka akampiga jirani yake mgongoni.

"Ninachosema ni hiki," Shangazi akaendelea. "Huyu mwanaume hamumjui. Mnayemjua ni mimi, nimevaa kifua chake. Na wale wanawake hamuwajui, ila wao hamjawasikiliza hata neno, mmeshawaita waongo kwa maneno niliyoyatoa mimi hapa na limau mdomoni. Hata walio karibu, ambao majina yao mnayajua, mnawapima kwa magoli ya mtu mwingine. Na mimi nilikuwa nao hao waliopima. Nilisema Mungu anajua. Mungu anajua, lakini mimi nilikuwa sijauliza."

Nje, mlio wa kuchana tiketi ukakoma.

Mwanaume mmoja aliinuka akasema wanawake wamezidi, akatoka, akajigonga kwenye bati. Wengine wawili wakamfuata. Bosi akawa anatafuta njia ya kupita katikati ya magoti ya watu aje mbele, lakini banda lilikuwa limeshonana, kila anapokanyaga ni kidole cha mtu.

Fundi Baiskeli alikuwa bado amesimama. "Sasa, Shangazi," akasema. "Hayo nimeyasikia. Lakini adui yuko darini na waziri hajui. Filamu tutaimalizaje?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Shangazi akafikiri, akanyonya limau.

"Nitawaambia anachosema," akajibu. "Lakini simwazimi koo."

Ikawa hivyo. Wengine wote waliongea kama kawaida, na Komando akifungua mdomo, Shangazi alisema kwa sauti yake ya nyumbani, ile ya kuniuliza kama nimefunika maji: "Yeye anasema gari hakuiba. Gari ameikalia, lakini yeye anasema." Mara nyingine: "Yeye anasema amefika peke yake. Wale ishirini nyuma yake sijui ni wapita njia." Mwanamke mwenye nguo nyepesi alipotokea na Komando akamsogelea, banda lilisubiri koti. Shangazi akasema, "Yeye anasema mwanamke amekubali. Ngojeni tumsikie mwenyewe." Akaacha kidogo, akamtazama yule mwanamke usoni vizuri, kisha akampa sauti: "Mimi nimekuja kuchukua funguo zangu."

Walicheka, wanaume kwa wanawake, lakini kicheko kile kilikuwa na mfupa ndani.

Watu walipotoka, Bosi alibaki na Shangazi. Hakufoka. Alikuwa amekanyagwa na amechoka. "Umenivunjia Komando," akasema. "Jumamosi na jioni zote nampa kijana wa sokoni. Wewe chukua mchana."

"Mchana hakuna watu, Bosi."

"Ndiyo maana nakupa."

Shangazi alibeba kiti chake mwenyewe kukiweka kando, maana kijana wa sumu ya panya husimama. Nyumbani akaweka maji ya kuoga, akasahau kuyaoga. Nilimsikia chumbani akijaribu sauti moja moja, ya waziri, ya mtoto, ya mbwa, kama mtu anayehakikisha kuwa hajaibiwa kitu.

Mchana bandani ni joto la mabati na mabenchi matupu. Wiki ile ya kwanza alikuwepo Mama Mkaa, na wanawake aliowaburuta, na mgonjwa mmoja aliyekuja kusinzia. Shangazi aliwasemea kana kwamba banda limejaa. Jioni tukipita nje tulimsikia yule kijana, koo la chuma kweli. Lakini alimtangaza Komando kama anavyotangaza bidhaa yake, na watu wakawa wanamjibu kutoka mabenchini, "Yeye anasema!" mpaka akakasirika. Bosi hakumrudisha Shangazi. Alisema tu kuwa kitu kikishaharibika kimeharibika, na alikuwa na kichwa kigumu kushinda bati lake.

Siku moja mchana, filamu ikiwa katikati, Fundi Baiskeli akaingia. Saa zile huwa yuko kazini. Grisi ilikuwa mbichi, na kipande cha mnyororo kinaning'inia mfukoni. Hakukaa mbele. Alisimama karibu na tundu la tiketi, upande wa ndani, akainama.

"Dada," akasema. "Lile la nahodha. Mimi nilisema mguu una baraka. Nilikuwa mmoja wao."

"Najua. Nilikuona."

"Ilikuwaje?"

Dada Tiketi alimtazama kama anayetafuta ni wapi mtego umefichwa.

"Ngoja filamu iishe," akasema.

Fundi akangoja. Akakaa kwenye benchi la nyuma, magoti pamoja, mikono imebanwa katikati ya magoti, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona ameketi bila kusema. Filamu ilipokwisha Shangazi alizima maiki akabaki pale pale kwenye kiti chake. Mama Mkaa alisogea kumpisha nafasi. Dada Tiketi alitoka kwenye tundu lake, akaingia bandani kwa mlango kama mteja, akakaa, akaanza.

Alikuwa hajafika mbali mtu mmoja alipofunua pazia kwa nguvu. "Yuko wapi Fundi? Baiskeli yangu ameiacha miguu juu barabarani, tairi huku, mnyororo kule, mimi nachelewa..."

Fundi Baiskeli aliinua mkono wake mweusi bila kugeuka.

"Kaa chini, kaka," akasema taratibu. "Kuna mtu anaongea."